Hesabu ya Baada ya Alfajiri

Msimu wa karafuu unapokolea, Pemba hunukia tangu gatini Mkoani. Karafuu zimetandazwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, kwenye sakafu za saruji, kandokando ya barabara ya kwenda Chake Chake na Wete. Zikishuka mtini ni za kijani zenye wekundu, na baada ya siku tatu nne za jua kali hugeuka kahawia, zikawa ngumu, ukiivunja moja kwa vidole inatoa mlio. Mwenye mali huzigeuza kwa mguu au kwa mkono, huokota makonyo yaliyosalia, kisha hutazama juu. Wingu likijikusanya upande wa bahari, watoto wataitwa, majamvi yatakunjwa mbiombio. Karafuu iliyonyeshewa hubadilika rangi, na rangi ikiharibika daraja linashuka, na daraja likishuka bei inashuka nalo.

Mtu huyo anayetazama wingu ana mengi kichwani. Huenda mikarafuu ameikodi ikiwa bado na matumba, kwa fedha alizokopa. Wachumaji wanadai malipo yao kwa pishi. Mmoja wao labda jana aliteleza mtini, kwa kuwa mkarafuu ni mrefu na tawi lake hukatika bila kuonya. Ada za watoto zinasubiri, na duka alilokopa mchele linasubiri. Katika yote hayo, jua ndilo lenye kauli ya mwisho, na jua haliombwi nyongeza ya muda.

Semina za ujasiriamali zinazofanyika visiwani zina mengi mazuri: kuweka daftari la mauzo, kutenganisha fedha za nyumbani na za biashara, kufungasha bidhaa, kutafuta soko. Ila kuhusu saa ile ya kutazama wingu, mara nyingi hazina neno. Moyo unapodunda na akili inapokimbilia hasara ambayo bado haijatokea, mfanyabiashara huachwa ajitafutie. Tafakari hii inahusu saa hiyo.

Wapemba wameijua saa hiyo kwa muda mrefu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi mno, kikaiacha Pemba bila madhara makubwa, na tangu hapo kisiwa hiki cha kaskazini ndicho kilichobeba karafuu ya Zanzibar. Ilikuwa neema iliyokuja na kamba shingoni: uhai wa kisiwa kizima ulifungwa kwenye zao moja, na bei ya zao hilo ikawa inaamuliwa mbali. Indonesia ilikuwa mnunuzi mkubwa, ikizisaga karafuu kutia kwenye sigara zake za kretek. Ilipopanda mikarafuu yake ya kutosha, katika miaka ya 1980, bei ya dunia iliporomoka. Mkulima wa Wete au Konde hakukosea chochote shambani mwake. Aliamka tu akakuta jasho lake lina thamani nyingine. Wengine waliacha mashamba yaote magugu, wengine walivusha mzigo usiku kwa magendo kwenda Kenya, na wengi walifunga virago wakaenda bara. Leo ni shida kutaja mji wa Tanzania, kuanzia Kariakoo hadi miji ya mipakani, usiokuwa na duka la Mpemba. Mwaka 2011 serikali ilipopandisha bei anayolipwa mkulima kwa kiwango kikubwa, karafuu zilirudi kwa wingi kwenye vituo vya shirika la serikali la ZSTC. Lakini mti mpya huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa, na aliyeukata mkarafuu kwa kukata tamaa hakuweza kuurudisha kwa tangazo la bei.

Ukanda wa pwani una hadithi yake, na wenyewe ni wanawake. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Unguja mwaka 1989, kikaenea Pemba, na wengi wa wakulima wake mpaka leo ni wanawake. Maji ya bamvua yakitoka, huonekana wameinama kwenye vitalu vyao, wakifunga mbegu kwa vikamba vidogo vya taitai kwenye kamba ndefu iliyokazwa baina ya vigingi viwili. Baada ya wiki sita hivi huvuna, huanika, huuza. Kuna mwani wa spinosum, unaovumilia lakini bei yake ni ya chini, na kuna kotoni, mnene zaidi na wenye bei nzuri zaidi. Kuanzia miaka ya 2000 kotoni ilianza kufa. Maji ya kina kifupi yalizidi joto, matawi yakageuka meupe kama chumvi, yakawa laini, yakakatika na kuchukuliwa na mkondo. Mama aliyeondoka nyumbani gizani alikuta kamba tupu.

Hapo watu husema mtaji umekatika. Kinachofuata ndicho hasa suala la ustahimilivu. Kuna anayekaa kitako, akavuta pumzi, akaangalia kimebaki nini. Kuna anayekwenda mbio kukopa kwa riba ili kuziba pengo, akachimba shimo la pili. Na kuna anayejifungia ndani. Tofauti baina yao hailetwi na akili nyingi wala elimu pekee. Mara nyingi huletwa na namna mtu alivyozoea kukaa na hofu yake kabla ya kuitii.

Nchi tajiri zimelichukulia jambo hili kwa uzito miaka ya karibuni. Mwaka 2015 Michael Freeman, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, na wenzake, walieleza matokeo ya kuwahoji wajasiriamali 242: asilimia 49 walisema wamewahi kupata tatizo la afya ya akili. Hao ni Wamarekani, na walijieleza wenyewe, kwa hiyo haifai kuichukua hesabu hiyo na kuibandika Micheweni. Inatosha kwa jambo moja: anayejitegemea kibiashara hubeba mzigo ambao mapato yake hayauonyeshi. Dawa inayotajwa sana huko ni mazoezi ya umakinifu, yaani kukaa, kuifuata pumzi, na kuirudisha akili polepole kila inapotoroka. Jon Kabat-Zinn aliyaingiza hospitalini mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa kozi iliyowalenga wagonjwa wenye maumivu sugu. Alikuwa ameyachukua kwenye mafundisho ya Kibuddha, akayavua vazi la dini. Sasa hufundishwa kwenye makampuni makubwa na kwenye programu za simu.

Je, yanafaa? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 wakayapima pamoja. Walikuta ushahidi wa wastani kwamba mazoezi haya hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu. Hawakukuta kwamba yanashinda dawa au mazoezi ya mwili. Hayo ni matokeo ya kuheshimiwa, na ni ya kiasi. Anayeuza kozi kwa ahadi ya kumfanya mfanyabiashara asitikisike na lolote anauza zaidi ya alichonacho ghalani.

Mpemba anayesikia habari hizi hana sababu ya kujiona amechelewa. Darsa za misikiti ya pwani zimekisoma kwa vizazi kitabu cha Imam Ghazali, Ihya Ulum al-Din, na ndani yake mna mlango mzima wa kuichunga nafsi ulioandikwa kwa lugha ya soko. Ghazali anamchora mtu kama mfanyabiashara mwenye mshirika. Baada ya sala ya alfajiri, kabla ya shughuli, atenge saa ya kuweka masharti na nafsi yake, kama tajiri anavyompa mshirika mali na kumwambia mipaka. Mchana amchunge. Jioni aketi naye wafanye hesabu: mtaji umebaki kiasi gani, faida iko wapi, hasara imetokana na nini. Palipo na hasara, mshirika atadaiwa.

Na Ghazali hakuyaandika hayo akiwa mtu ambaye dunia haijamgusa. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote mjini Baghdad, katika madrasa ya Nidhamia, akifundisha mamia ya wanafunzi. Akavunjika. Ulimi ulifunga hata akashindwa kusomesha, chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakasema tatizo limeanzia moyoni, hivyo mwili hautapona mpaka moyo utulie. Aliacha cheo na mshahara, akaondoka mjini, na ni katika miaka hiyo ya kuhama aliiandika Ihya. Leo mtu wa namna ile angeambiwa kazi imemlemea. Alichokipata kwa maumivu aliwaachia wengine kama utaratibu wa kila siku, wenye saa yake na maswali yake.

Utaratibu huo Pemba upo, ingawa hauitwi mazoezi. Mwenye duka anaporudi msikitini alfajiri huvuta uradi wake, kidole gumba kikisukuma punje za tasbihi moja baada ya moja. Akifungua duka hupiga bismillahi, mwingine hufukiza ubani, kisha hukaa kidogo kabla ya mteja wa kwanza. Adhuhuri ikiadhiniwa mjini Chake, milango ya maduka huvutwa, au kiti huwekwa kizingitini kuonyesha kwamba mwenyewe hayupo, na maongezi ya bei hukatika katikati. Siku ya Ijumaa biashara husimama kabisa, kisha watu hurudi kuitafuta riziki, kama Sura ya Jumua inavyoelekeza. Kwa mtazamo wa mwili, yanayotendeka ni mambo ya wazi: maji baridi usoni na mikononi, miguu iliyosimama sawa, mgongo unaoinama, paji linalogusa chini, pumzi inayofuata kisomo. Mtu aliyekuwa anagombana na msambazaji wa unga dakika kumi zilizopita amelazimika kusimama bega kwa bega na watu wengine, wengine wao wadeni wake.

Upo ukweli mwingine unaofaa kusemwa. Mtu anaweza kusali rakaa nne huku akipiga hesabu za magunia. Masheikh wanalijua hilo kuliko yeyote, ndiyo maana wamesisitiza siku zote kuhudhurisha moyo. Kusimama kwa mwili ni mlango tu, na kuna wengi wanaoufikia mara tano kwa siku bila kuingia. Anayeingia hupata kitu ambacho mkopo hauwezi kununua: nafasi ndogo baina ya habari mbaya na uamuzi. Humo ndimo mtu anapoamua asiuze karafuu zikiwa mbichi kwa hofu, au akakubali kwamba duka la pili lilikuwa kosa na lifungwe sasa kabla halijala la kwanza.

Hapa pana hatari, na ni kubwa. Subira imetumiwa mara nyingi kuwanyamazisha watu. Mkulima aliyepunjwa kwenye mizani huambiwa asubiri. Mwanamke anayeuza kilo ya mwani mkavu kwa bei isiyonunua kilo ya mchele huambiwa ashukuru. Utulivu wa namna hiyo hauna uhusiano na alichokieleza Ghazali, kwa kuwa hesabu ya jioni inauliza hasara imetoka wapi, na jibu likiwa mizani, basi ni mizani. Moyo uliotulia huona vizuri, na anayeona vizuri huuliza maswali makali zaidi. Kampuni au ofisi inayowapeleka watu wake kwenye mafunzo ya kuvuta pumzi huku ikiwalipa kidogo inawapa nusu ya dawa na kuwanyima nusu ya haki.

Yaliyofanywa na wakulima wa mwani yanaonyesha subira yenye macho. Kotoni ilipokuwa inakufa, Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, alishirikiana na wakulima kutafuta njia, na mwaka 2006 alianzisha umoja wa wadau wa mwani Zanzibar. Njia moja ilikuwa kuuhamishia mwani maji ya kina, yenye ubaridi zaidi. Ni rahisi kusema. Wanawake wengi hawakuwahi kufundishwa kuogelea na hawakuwa na chombo, na kwenda kwenye maji yanayofika kifuani ni jambo la kutisha. Njia ya pili ilikuwa kuacha kuuza mwani mkavu peke yake, na kuusaga uwe unga wa kutia kwenye sabuni, keki na juisi. Waliojifunza sabuni waliharibu vipimo, wakapata vipande vilivyokataa kuganda, wakarudia. Kazi hiyo inataka mtu anayeweza kushindwa asubuhi na kurudi jioni bila kujichukia, na huo ndio umakinifu, hata kama hakuna aliyefumba macho.

Ushahidi kwamba tabia ya moyo huzaa faida umetoka pia Afrika Magharibi. Mjini Lomé, Togo, watafiti waliwagawa wajasiriamali wadogo 1,500 katika makundi. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko. Jingine lilifundishwa tabia: kuanza jambo bila kusukumwa, kuona kikwazo mapema, kushindwa na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliofundishwa tabia faida yao ilipanda kwa asilimia 30, na wale wa mafunzo ya kawaida kwa asilimia 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati.

Pemba haimwachi mtu ajikaze peke yake, na huenda hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Vikundi vya hisa viko shehia kwa shehia. Wanachama hukaa duara kwenye mkeka, sanduku la chuma katikati, kufuli tatu, na funguo tatu mikononi mwa watu watatu tofauti, ili lisifunguke bila wote kuwapo. Kila mmoja hutaja hisa alizonunua, fedha huhesabiwa kwa sauti, anayekopa hueleza anakopa kwa ajili gani. Mwenye deni lililochelewa husema mbele ya wenzake kilichomfika. Kuna aibu ndani yake, lakini kuna ahueni pia: hasara iliyotamkwa mbele ya watu kumi na tano haimlazi macho mtu kama ile aliyoificha chini ya godoro.

Pamoja ndivyo walivyobeba msiba wa meli ya Spice Islander. Ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejazwa abiria na mizigo kupita uwezo wake. Miili zaidi ya 200 iliopolewa, na mamia ya watu hawakuonekana tena. Wapo waliopoteza ndugu na mtaji katika usiku mmoja. Khitma zilisomwa kijiji kwa kijiji, watu wamegawana juzuu, maduka yamefungwa. Katika mazishi ya Pemba, kama kwengine pwani, jamaa wa marehemu husimama kutangaza kwamba mwenye kudai aende kwa familia, na anayedaiwa na marehemu pia ajitokeze. Biashara ya aliyefariki hutajwa pale pale, udongo ukiwa bado mbichi, bila mtu kuona ni utovu wa adabu. Jamii iliyozoea kukaa na msiba na daftari kwa pamoja ina jambo la kuwafundisha walimu wa ujasiriamali.

Lakini yapo maumivu ambayo uradi na kikundi havitoshi kuyatibu. Mtu asiyelala wiki nzima, aliyeacha kula, anayesema bora asingezaliwa, anahitaji mhudumu wa afya, na kumwambia azidishe ibada tu ni kumtupa. Zimbabwe imeonyesha njia ya katikati. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, tatizo moja kwa wakati, mpaka mtu apate hatua moja ya kuchukua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016 likiwa na watu 573 wa Harare, baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 kwa waliokaa na bibi, dhidi ya 50 kwa wengine. Baada ya benchi waliingia kwenye vikundi vya kufuma mikoba ya kuuza. Kisiwa chenye baraza kila kona na bibi wenye busara kila nyumba hakiwezi kusema hakina pa kuanzia.

Linalobaki ni muda, na muda Pemba haugawanywi sawa. Mwanamume mwenye duka ana msikiti, ana baraza la jioni, ana kahawa ya tangawizi na mtu wa kumsikiliza. Mkulima wa mwani husali nyumbani, mara nyingi mtoto akimvuta kanga. Bamvua humtoa ndani wakati wowote yatakapotoka maji, na akirudi, nguo zikiwa bado na chumvi, kuna kisima, kuni na chungu. Kumwambia huyo atenge saa ya kuichunga nafsi ni kumwongezea kazi. Kikundi kinachojua shughuli za watu wake huweka mkutano siku za maji mafu, pasipo na haraka ya pwani, na huacha watoto wachezeshwe na mmoja wao kwa zamu. Anayegharamia semina anaweza kufanya vivyo hivyo: alipie mlezi wa watoto, apange siku kwa kufuata maji badala ya kalenda ya ofisi, na kila asubuhi nusu saa ya kwanza asiitie somo lolote. Siku mbili za mafunzo mjini Chake Chake zinaweza kuipa nafasi nusu saa hiyo, na bado zikabaki saa za kutosha za vifungashio, nembo na bei.